Mikono Iliyokataa Shampuu

Pale saluni wote walimwita Shangazi, na jina lenyewe lilikuwa na kichekesho ambacho hakuna aliyewahi kukicheka. Ushangazi huletwa na kaka: ndugu yako wa kiume akipata mtoto, nawe unaupata hapo hapo, bila kuuomba. Yeye hakuwa na kaka. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu wa kike, aliyeolewa mji wa mbali, na kwa watoto wa huyo yeye alikuwa mama mkubwa. Lakini siku ya kwanza alipoingia pale, miaka kumi na tisa iliyopita, msusi mmoja alimwona alivyosimama mlangoni kama mtu anayeogopa kukanyaga sakafu iliyopigwa deki, akamwambia, "Shangazi, ingia, hapa hatuli mtu." Jina likanasa. Akawa shangazi wa watu wote, maana yake hakuwa wa mtu yeyote.

Kazi yake ilikuwa moja, kuosha nywele. Hakusuka, hakukata, hakupaka rangi. Nyuma kabisa ya saluni, baada ya vioo na viti vya kuzunguka, palikuwa na sinki mbili nyeusi, na ile ya dirishani ilikuwa yake. Mteja akilaza shingo, Shangazi hupima kwanza maji kwa upande wa ndani wa mkono wake, kama mama anayepima maziwa ya mtoto. Kisha vidole huanzia nyuma ya masikio, vikapanda polepole kuelekea utosini, vikashuka, vikapanda tena, bila pupa, bila kucha. Watu walilala. Mwanasheria mmoja mwanamke, mkali mpaka wasusi walikuwa wakipeana zamu ya kumwogopa, alikuwa akikoroma pale kama paka.

Na alikuwapo mkunga mstaafu, mteja wa kila Alhamisi saa nne asubuhi, ambaye hakulala wala hakukoroma. Yeye alilia. Hakutoa sauti, machozi yalimtoka kwenye pembe za macho yakateremkia masikioni, na Shangazi akawa anayapangusa kwa ncha ya taulo kana kwamba ni povu. Hakuuliza. Kwa Alhamisi za miaka kumi na moja maneno yao hayakuzidi haya:

"Maji yako sawa, mama?"

"Yako sawa, Shangazi."

Nyumbani alikuwa na chumba kimoja na jiko lake, ghorofa ya pili. Mume aliondoka zamani, tena bila ugomvi. Alikwenda kufanya kazi mbali, akakawia, akaandika kwamba atakawia kidogo tena, na huko kukawia kwenyewe kukawa ndilo jibu. Hawakujaliwa watoto. Kwa hiyo siku za kazi Shangazi alishika vichwa ishirini na tano, thelathini, na Jumapili hakushika hata kimoja. Jumapili jioni mikono yake ilikuwa haijui iwekwe wapi.

Mwasho ulianzia kati ya vidole, mwanzoni mwa mwaka. Akadhani ni mbu. Baada ya wiki vikatoka vipele vidogo vyenye maji, kama chembe za sago, halafu vikapasuka, na ngozi ikaanza kuchanika kwenye maungio. Kila shampuu iliyomwagika kiganjani ilimchoma kama ndimu kwenye kidonda. Sabuni ya maji ya kunawia nayo ikamchoma. Akaona bora aachane na sabuni, akanunua pakiti ya vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto, vyenye picha ya kichanga kinachocheka. Alijiambia, kinachomfaa mtoto wa siku tatu kitamdhuru vipi mtu mzima wa miaka hamsini na miwili? Baada ya kila kichwa akafuta mikono kwa kitambaa kimoja, mara nyingine viwili. Mikono ikazidi kuwaka.

Dawa alizijaribu zote alizoambiwa. Mfamasia wa mtaani alimpa krimu ya fangasi, akapaka mwezi mzima. Fangasi hawakuwapo, basi hakuna kilichopona. Msusi wa kiti cha kwanza alimwambia aache mayai. Akaacha mayai. Mdogo wake akampigia simu.

"Dada, wewe una mtu aliyekukasirikia?"

"Nani atanikasirikia? Nani ananijua?"

"Usiseme hivyo. Watu wana macho."

"Wakiwa na macho, basi hayajawahi kunitazama mimi," akasema Shangazi, na mdogo wake akacheka, kwa sababu alidhani ni mzaha. Huko kwa mdogo wake wajukuu walikuwa wakigombania kitu, kikapasuka, na simu ikakatwa kwa "nitakupigia baadaye" ambayo haikuja wiki hiyo.

Kilichomuuma zaidi ya mwasho ni namna watu walivyoanza kuikwepa mikono yake. Hawakumtukana. Mteja mmoja alifungua macho kwenye sinki, akaviona vidole vikiwa juu ya uso wake, akauliza, "Shangazi, hiyo ni nini?"

"Ni ukavu tu, mama."

"Ukavu huwa hautoi maji," mteja akasema kwa upole, na safari iliyofuata akaomba sinki ya pili. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake cha adabu. Wasusi waliokuwa wakimpa mkono asubuhi wakaanza kumpungia kutoka kwenye viti vyao. Aliyekuwa akimkabidhi taulo akawa anaziweka kwenye meza na kuondoka. Hata kikombe chake cha chai alikikuta siku moja kimetengwa pembeni ya vingine, kimegeuzwa juu chini, kisafi, peke yake.

Alhamisi moja mkunga mstaafu alifika saa nne kama kawaida. Alipita mbele ya sinki ya dirishani, akaiangalia mikono ya Shangazi iliyokuwa imeshika taulo tayari. Mwanamke aliyepokea watoto wa watu miaka thelathini, aliyeona kila kinachoweza kutoka katika mwili wa binadamu! Akasema, "Leo nina haraka kidogo, Shangazi," akaenda kulala kwenye sinki ya pili. Alikaa huko dakika arobaini. Shangazi alizihesabu, maana hakuwa na cha kufanya kingine. Machozi ya mkunga siku hiyo, kama yalitoka, yalipanguswa na mtu mwingine au hayakupanguswa.

Jioni ile ile mwenye saluni alimwita pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye saluni.

"Shangazi, pumzika wiki tatu. Upone, urudi."

"Nisipopona?"

"Utapona tu," mwenye saluni alisema, huku akitazama mlango, kana kwamba kupona kulikuwa mteja aliyechelewa.

Basi akakaa nyumbani. Na ajabu, siku ya kumi hivi, mikono ikaanza kutulia. Hakukuwa na shampuu, na kwa kuwa hakunawa kila dakika ile pakiti ya vitambaa ilisahaulika juu ya kabati. Mipasuko ikafunga. Vidole vikakunjika bila kuuma. Siku ya kumi na tano aliamka, akavikunja na kuvikunjua mbele ya dirisha, akafurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa, na kwa furaha ile akaamua kukipaka rangi chumba. Kuta zake zilikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala. Akanunua ndoo ya rangi ya maji, kijani kibichi hafifu, pamoja na rola na brashi ya pembeni, akasogeza kitanda katikati, akapaka tangu asubuhi mpaka alasiri, akiimba kwa pua. Chumba kikang'aa. Aliketi kitandani kukitazama, akatamani awepo mtu wa kumwambia, "Ona."

Kulipokucha hakuona. Macho yalikuwa yamevimba, kope zimegandana, uso wote unawaka na kubana kama umevalishwa soksi. Alipapasa ukuta, akafungua mlango, akasimama kwenye ujia wa ghorofa akihema.

Mlango wa pili ulikuwa wa fundi cherehani, mwanamke wa rika lake, mwembamba, ambaye kwa miaka sita alimjua kwa mlio wa cherehani tu uliopita ukutani. Walikuwa wakisalimiana ngazini: "Habari za leo?" "Nzuri, za kwako?" na kila mmoja akaendelea kupanda au kushuka. Siku hiyo fundi alitoka kumwaga vipande vya nguo, akasimama.

"Ewe! Nani kakupiga?"

"Hakuna aliyenipiga. Nimepaka rangi."

"Umepaka ukuta au umepaka macho?"

Shangazi alitaka kucheka, lakini uso haukukubali. Fundi akatupa vile vitambaa vyake sakafuni, akamshika kiwiko, akamteremsha ngazi, moja baada ya nyingine, akizihesabu kwa sauti. Barabarani akasimamisha teksi, akamwambia dereva, "Mfikishe hospitali, mpaka mlangoni, usimwache getini, haoni huyu." Kisha akarudi kwenye kazi yake. Shangazi ndani ya gari aliendelea kushika kiwiko chake mwenyewe, pale pale aliposhikwa.

Hospitali walimpa sindano na vidonge, uvimbe ukashuka, na safari hii hawakumwacha aende hivi hivi. Wakampeleka kwa daktari wa ngozi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Huyu hakuuliza anakula nini wala nani kamkasirikia. Aliuliza, "Unashika nini? Tangu unaamka mpaka unalala, mikono yako inashika nini?" Shangazi akasema vichwa vya watu. Daktari akasema, "Na vichwani kuna nini?" Akamtuma akalete kila chupa, kila kopo, kila pakiti. Kesho yake Shangazi alirudi na mfuko mzima: shampuu tatu alizoazimwa saluni, sabuni ya maji, pakiti yenye picha ya mtoto, na kifuniko cha ndoo ya rangi. Daktari akapanga vyote mezani, akavaa miwani, akaanza kusoma maandishi ya nyuma, yale madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Kila alipofika mahali fulani akawa anapiga chupa kwa kucha, tik, na kuendelea. Alipomaliza hakusema kitu ila, "Nina shaka yangu. Lakini shaka si kipimo."

Kipimo kilikuwa cha mgongo. Alibandikwa viraka, safu tatu, na ndani ya kila kiraka tone la kitu kimoja: hiki cha manukato, hiki cha rangi ya nywele, hiki cha mpira, hiki cha dawa inayowekwa kwenye sabuni isioze. Vilikuwa ishirini na nne. Daktari akachora pembeni yake kwa kalamu maalumu, akampa karatasi yenye namba. Masharti: asilowanishe mgongo, asitoke jasho, asijikune, asilale chali kama anaweza. Na kile chumba chenye rangi mbichi asilale humo kwa sasa. Afungue madirisha mchana kutwa. Shangazi akahamishia godoro jikoni, kati ya jiko na ndoo ya maji. Chumba chake mwenyewe, kizuri vile, kikawa kimemfukuza.

Siku ya pili viraka vilibanduliwa. Siku ya nne daktari aliutazama mgongo kwa taa, akaguna. "Hapa pana wekundu kidogo, lakini ni wa kubishaniwa. Mara nyingine mwili unachelewa kujibu. Mimi kesho nasafiri, nina kliniki mji mwingine. Siku ya saba mwambie mtu wa nyumbani akuangalie, alinganishe na karatasi hii, apige picha anitumie. Sawa?"

"Sawa, daktari," akasema Shangazi. Maneno "sina mtu wa nyumbani" yalifika mpaka kwenye meno, akayameza. Yalikuwa mepesi kuyajua na mazito kuyatamka.

Siku ya saba, saa sita mchana, alivua blauzi, akasimama mbele ya kioo cha kabati na kioo kingine kidogo mkononi. Aliona bega, kisha upande wa mbavu. Mgongo wenyewe ulimkwepa. Kila aligeuzapo kioo, nao uligeuka. Akajaribu simu. Aliipitisha juu ya bega, akabonyeza. Akaipitisha chini ya kwapa, akabonyeza. Akakaa kwenye mbao za kitanda kitupu kuangalia picha zake: dari, sikio, dari, kiwiko, nusu ya shingo, kidole chake mwenyewe kikubwa kama boga. Picha ya kiwiko ilimchekesha. Akacheka kwa sauti, kicheko kikagonga kuta mpya za kijani kikamrudia, naye akanyamaza ghafla, kama mtu aliyesikia mgeni chumbani.

Akampigia mdogo wake.

"Si umwite jirani," mdogo wake akasema.

"Jirani yupi?"

"Dada. Umekaa hapo miaka sita."

Mdogo wake akaanza kusema kitu, akaacha. Mwishowe akasema, taratibu, si kama alivyozoea, "Sikujua ni hivyo, dada."

"Si neno," Shangazi akasema. "Nenda kwa wajukuu."

Cherehani ilikuwa ikilia ukutani. Shangazi alivaa kanga mgongo wazi, akajitanda nyingine juu, akatoka, akasimama mbele ya mlango wa pili. Aliinua mkono kubisha, akauona: madoa ya kahawia mahali palipokuwa na vidonda. Akaushusha. Akabisha kwa ule mwingine, ambao haukuwa na nafuu yoyote kuliko mwenzake.

"Hodi."

"Karibu, pamefunguliwa!"

Fundi alikuwa ameinama juu ya kitambaa cha hariri, futi ya kupimia shingoni, pini tatu midomoni. Alimtazama, akazitoa pini moja moja akazichomeka kifuani mwa blauzi yake.

"Macho yamerudi, naona."

"Yamerudi. Nimekuja na ombi la ajabu, jirani. Nataka uniangalie mgongo."

Fundi hakushangaa, au kama alishangaa, alifanya haraka kumaliza. "Geuka," akasema.

Shangazi akageuka, akaiachia ile kanga. Alisikia fundi akisogea, akasikia pumzi yake. Alingoja ile sauti aliyoizoea, ile ya mtu kuvuta pumzi kwa kinyaa. Haikuja.

"Wamekuchora kama kitambaa cha kukatwa koti," fundi akasema. "Lete hiyo karatasi. Safu ya kwanza hamna kitu. Ya pili hamna kitu... Ya tatu. Eh. Hapa pamefura. Pamekuwa pekundu, pana vipele ndani. Namba ngapi hii? Moja, mbili, tatu... kumi na tisa." Akavuta futi shingoni, akapapima. "Sentimita mbili kasoro kidogo." Kisha, ili kuhakikisha kwamba ni uvimbe na si kivuli, akaweka ncha ya kidole juu yake. Kidole kikavu, chenye sugu ya sindano. "Panauma?"

Ukiacha kiwiko siku ile ya macho, hakuna mtu aliyekuwa amemgusa kwa kutaka mwenyewe tangu mvua zilizopita; daktari alivaa glavu.

"Hapaumi," akasema. "Panawasha tu."

"Basi tulia nipige picha. Usiheme, simu yangu ya zamani hii, ikitikiswa inakasirika."

Fundi akapiga picha, akazituma kwa simu ya daktari iliyoandikwa juu ya karatasi, akamfunika kanga begani, akarudi kwenye kiti chake. Alikuwa na gauni la kumaliza kabla ya saa kumi. Shangazi akabaki amesimama kidogo, hajui kama aage au akae, halafu akasema ahsante, akaenda.

Daktari aliporudi alimwita, akamweleza kwa kirefu. Kumi na tisa ilikuwa dawa ya kuzuia kuoza. Chochote chenye maji kikikaa kwenye chupa huota ukungu na vijidudu, kwa hiyo viwanda hutia dawa ya kuvizuia, na ziko za namna nyingi. Hii moja, mwili wa Shangazi umeikataa. Imo kwenye shampuu nyingi, imo kwenye sabuni za maji, imo kwenye baadhi ya vile vitambaa vya watoto, na imo hata kwenye rangi za ukutani za maji, ambako hupanda na hewa wakati rangi inakauka na kuwafuata watu machoni.

"Lakini daktari, nimeosha vichwa miaka kumi na tisa."

"Ndivyo mzio ulivyo. Hauji siku ya kwanza. Mwili unavumilia, unavumilia, halafu siku moja unakataa, na ukishakataa haubembelezeki. Hata tone dogo utaliona."

"Naambukiza?"

"Humwambukizi mtu. Hukuwahi kumwambukiza mtu hata siku moja."

Shangazi aliiangalia mikono yake juu ya mapaja. Alitamani maneno yale yangesemwa kwa kipaza sauti, Alhamisi, saa nne.

Akapewa kadi ndogo yenye jina la dawa ile, refu kama treni ya mizigo, ili alisome nyuma ya kila chupa kabla ya kuinunua. Alijifunza kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza, akitembea: me-thi-li, i-so-thi-a, zo-li-no-ni. Kule saluni, siku aliyorudi, alishusha chupa zote kutoka kwenye rafu, akazisoma moja moja kwa miwani ya kuazima. Chupa kumi na nne. Kumi na moja zilikuwa na jina lile. Mwenye saluni alisimama nyuma yake akiwa amekunja mikono.

"Sasa unataka nizitupe?"

"Sikusema uzitupe. Nimeleta yangu moja, haina. Na glavu hizi za buluu, daktari kasema si zile nyembamba nyeupe. Anayetaka nimwoshe kwa hii, nimwoshe. Asiyetaka, basi."

Mwenye saluni alifikiri. "Siku moja kwa wiki," akasema. "Siku nyingine ukae mapokezi, upokee simu, ukunje taulo. Na hiyo kadi usiwaoneshe wateja, utanitishia watu."

Shangazi alikubali siku moja na mapokezi. Kuhusu kadi hakusema ndiyo wala hapana. Mwezi uliofuata, mteja aliyekuwa na kope nyekundu zinazoparuka alipolalamika mbele ya meza yake kwamba ameacha wanja, ameacha samaki, na bado, Shangazi aliifungua pochi, akamnakilia lile jina lote kwenye karatasi, herufi kwa herufi. "Mwulize daktari wa ngozi," akamwambia. "Si lazima liwe hili. Lakini uliza." Mwenye saluni aliona, akageuza uso kama hakuona.

Wateja waliokubali shampuu ya Shangazi walikuwa watatu. Mwanasheria alikuwa mmoja wao. Alisema glavu hazimkoseshi usingizi, na kweli alikoroma kabla maji hayajapata moto. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekosa kitu. Ndani ya mpira ule wa buluu vidole vilijua umbo la kichwa lakini havikujua kichwa. Ilikuwa kama kumsikia mtu anaongea nyuma ya mlango. Mkunga mstaafu aliendelea kuja Alhamisi, aliendelea na sinki ya pili. Alipopita mapokezi alisema, "Habari, Shangazi," akitazama kalenda. Siku moja Shangazi alimwambia, "Mama, kumbe si ugonjwa wa kuambukiza." Mkunga akasimama, akasema, "Najua. Nilijua tangu siku ile." Akaongeza, "Niliona haya kurudi," na akaenda zake. Shangazi aliyafikiria maneno hayo wiki nzima, asijue kama yalimponya au yalimkata upya.

Hewa ya rangi chumbani iliisha kabisa baada ya miezi miwili, akarudisha godoro mahali pake. Mikono ikawa ya kawaida, isipokuwa makovu madogo kwenye maungio. Jumapili zikabaki Jumapili.

Ila Jumamosi moja alasiri ukuta uligongwa mara tatu kwa mkasi, halafu sauti: "Jirani! Njoo mara moja!" Shangazi akaenda mbio, akidhani kuna hatari. Fundi alikuwa ameshika gauni la rangi ya zambarau mikono miwili.

"Mwenye nguo hii yuko safari, anaitaka Jumatatu. Ana mwili kama wako, kiunoni na mabegani. Ivae nione."

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu? Siku ile nilipokuona mgongo nilikupima kwa macho. Vaa."

Akavaa. Lilikuwa gauni zito, lenye bitana ya baridi, la mtu asiyemjua, na lilimkaa kana kwamba lilimtafuta. Fundi akapiga magoti, akaanza kukunja pindo, pini midomoni, hivyo hawezi kuongea. Akawa anaguna tu, guno moja maana yake geuka, mawili maana yake simama. Akamvuta kiunoni, akamlainisha bega kwa kiganja, akamshika kifundo cha mkono akakiinua juu. Dirisha lilikuwa wazi na vumbi la uzi lilikuwa likielea kwenye jua.

Tangu hapo ikawa desturi yao, Jumamosi mbili au tatu kwa mwezi. Hawakuwa marafiki wa kupeana siri. Fundi hakuwa na muda wa siri, na Shangazi alikuwa amesahau jinsi zinavyotolewa. Fundi hakumwuliza habari za mume, naye hakueleza. Ila alivaa nguo za watu kwa zamu, za ofisini, za sherehe, za msiba, akainua mikono alipogunwa, akageuka alipogunwa, na kwa robo saa, nusu saa pengine, mikono ya mtu mwingine ilimpitia ikitafuta mahali pa kubana na mahali pa kuachia.

"Umekonda," fundi alimwambia siku moja, akichomoa pini ya mwisho mdomoni. "Kula. Ukikonda utaniharibia kazi."

"Nitakula," akasema Shangazi, akiwa bado amenyoosha mikono, kwa maana alikuwa hajaambiwa aishushe.